Kupanga biomu za Minecraft kwa picha: Mlima Kilimanjaro ndani ya WorldPainter

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuchukua picha moja ya rangi na kuiamuru Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloki, isome kila rangi kama biomu, yaani aina ya mazingira: hapa savana, pale msitu, kule juu theluji. Kazi inafanyika kwenye WorldPainter, programu ya bure ya kutengeneza ramani za Minecraft ya Java. Mfano wetu ni Mlima Kilimanjaro, kwa sababu ni mlima ambao kimo peke yake hakitoshi kuueleza. Upande wa kusini, juu ya Moshi, mvua ni nyingi na msitu ni mpana. Upande wa kaskazini, unaotazama Kenya, ni mkavu na msitu wake ni mwembamba. Ukipanga biomu kwa kanuni ya kimo tu, pande zote mbili zitatoka sawasawa, na yeyote aliyewahi kuuona mlima atajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa. Picha inaondoa tatizo hilo.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili, maana makosa mengi yanaanzia hapa: picha ya biomu si mchoro wa kupendeza macho. Ni jedwali la takwimu lililovaa rangi. Pikseli yenye 200, 180, 60 (kiasi cha nyekundu, kijani na buluu) ni savana. Pikseli yenye 201, 180, 60 si savana, si kitu chochote. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini programu inaiona.

Vinavyohitajika

Kompyuta yenye Minecraft ya Java toleo la 1.18 au la baadaye, WorldPainter, QGIS (ya ramani), GIMP (ya kuhariri picha) na ImageMagick (ya kukagua picha kwa amri). Ukiacha Minecraft yenyewe, vyote ni vya bure. Ukisakinisha QGIS kwenye Windows unapata pia zana za GDAL za kushughulikia data ya ramani, ambazo utaziendesha kwa kuandika amri kwenye dirisha la OSGeo4W Shell. Usiogope dirisha hilo jeusi. Amri ni tano au sita tu, na zina faida moja kubwa: ukikosea unarudia amri ileile bila kukumbuka ulibofya wapi.

Data ya kimo ni ya SRTM, vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Hupatikana bure kwenye tovuti ya EarthExplorer ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, baada ya kufungua akaunti. Chagua ile ya sekunde 1 ya tao, ambayo kwa eneo letu ni karibu mita 31 kwa kila pikseli, na chukua iliyozibwa mapengo. Unahitaji vigae viwili: S03E037 na S04E037. Jina la kigae linatokana na kona yake ya kusini-magharibi, ndiyo maana Kibo, kilele kikuu kilichoko takriban nyuzi 3 na dakika 4 kusini, kimo ndani ya S04 lakini karibu kabisa na ukingo wake wa juu. Ukipakua kigae kimoja tu, mlima utakatika mgongoni.

Hatua ya 1: Kata eneo moja, mara moja

Unganisha vigae, kisha kata dirisha la pikseli 3072 kwa 2048:

```
gdalbuildvrt kili.vrt S03E037.tif S04E037.tif
gdal_translate -projwin 37.0 -2.8 37.85333 -3.36889 -outsize 3072 2048 kili.vrt kata.tif
```

(Majina ya faili zako yanaweza kuwa marefu zaidi. Andika kama yalivyo.)

Ukubwa huu haukuchaguliwa kwa kubahatisha. WorldPainter hugawa dunia katika vigae vya bloki 128 kwa 128, na Minecraft huhifadhi dunia katika faili za bloki 512 kwa 512. 3072 ni mara sita ya 512, na 2048 ni mara nne, kwa hiyo ramani inaisha pale faili inapoisha, bila mabaki pembeni. Kwa pikseli moja kuwa bloki moja, unapata eneo la takriban kilomita 95 kwa 63, kutoka Moshi upande wa kusini hadi ng'ambo ya Loitokitok kaskazini.

Faili hii, kata.tif, ndiyo mama. Picha ya kimo na picha ya biomu zote zizaliwe humo. Watu wengi huchukua kimo mahali pamoja na ramani ya uoto mahali pengine, halafu wanashinda siku nzima wakisogeza moja ikae juu ya nyingine. Zikitoka kwenye faili moja, zinakaa zenyewe.

Angalia kimo cha chini na cha juu:

```
gdalinfo -mm kata.tif
```

Kilele kinaweza kusoma chini kidogo ya mita 5,895, kwa sababu kila pikseli ni wastani wa eneo lake. Hilo halina neno. Ila ukiona namba kama -32768, una mapengo ambayo hayakuzibwa. Rudi upakue toleo lililozibwa, la sivyo utakuta mashimo ya ajabu kwenye kuta za Mawenzi.

Hatua ya 2: Picha ya kimo

```
gdal_translate -of PNG -ot UInt16 -scale 700 5900 0 65535 kata.tif kimo.png
```

Hii ni picha ya kijivu ya biti 16: weusi kamili ni mita 700, weupe kamili ni mita 5,900. Kama gdalinfo imekuonyesha kimo cha chini kilicho pungufu ya 700, shusha namba hiyo. Usitumie biti 8. Zinakupa ngazi 256 tu kwa mlima mzima, na ukija kuongeza ukubwa wa ramani baadaye, miteremko itageuka ngazi za nyumba.

Fungua WorldPainter, nenda menyu ya File, kwenye sehemu ya kuingiza chagua height map, kisha kimo.png. Weka ukubwa asilimia 100 na usogezaji 0 na 0. Kwenye viwango, 0 ya picha iwe Y 64 na 65535 iwe Y 300 (Y ni kimo ndani ya mchezo, kwa bloki). Usawa wa maji uache 62, ili bonde la chini kabisa libaki kavu. Chagua muundo wa ramani wa 1.18 kwenda juu, wenye mpaka wa chini -64 na wa juu 320. Hifadhi kama kili.world.

Kwa vipimo hivi bloki moja kwenda juu ni mita 22, na bloki moja kwenda mbele ni mita 31. Mlima umenyooshwa juu kwa takriban mara 1.4, na kwenye mchezo unapendeza hivyo. Ukiuacha kwenye uwiano wake halisi unaonekana kama kichuguu kipana. Kanuni ya kupata Y ya mahali popote ni hii: toa 700 kwenye kimo, gawanya kwa 22, jumlisha 64. Iandike pembeni, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Chagua biomu kabla ya rangi

Biomu kwenye Minecraft huamua rangi ya nyasi na majani, mvua au theluji, na wanyama wanaozaliwa. WorldPainter inazitambua kwa namba. Kwa mlima wetu:

- Nyika ya chini, hadi mita 1,100 (Y 82): savana, namba 35, rangi 200, 180, 60
- Vihamba vya migomba na kahawa, 1,100 hadi 1,800 (Y 82–114): msitu wa kitropiki wa miti michache, namba 23, rangi 90, 200, 60
- Msitu wa mvua wa kusini, 1,800 hadi 2,800 (Y 114–159): msitu mweusi, namba 29, rangi 0, 90, 30
- Msitu mkavu wa kaskazini, kimo hichohicho: msitu wa kawaida, namba 4, rangi 60, 110, 100
- Vichaka na nyasi za juu, 2,800 hadi 4,000 (Y 159–214): tambarare, namba 1, rangi 150, 120, 170
- Jangwa la mlimani, 4,000 hadi 5,000 (Y 214–259): badlands, namba 37, rangi 140, 90, 50
- Barafu ya Kibo: tambarare ya theluji, namba 12, rangi 255, 255, 255
- Ziwa Chala na mito: mto, namba 7, rangi 40, 90, 220

Msitu wa kaskazini una mitarakwa, na mtu anayejua miti atavutiwa kuupa taiga, namba 5, ambayo nyasi zake zina ule ubuluu wa baridi. Usifanye hivyo. Minecraft hupunguza joto kadiri unavyopanda: tangu 1.18, juu ya Y 80 kila bloki inaondoa 0.00125, na joto likishuka chini ya 0.15 mvua inageuka theluji. Taiga inaanza na 0.25, kwa hiyo theluji inaanza Y 160. Msitu wetu unaishia Y 159! Na kwa kuwa mchezo huyumbisha mpaka huo bloki kadhaa juu na chini, utapata madoa ya theluji kwenye ukingo wote wa juu wa msitu, kwenye mita 2,700, mahali ambapo wapandaji bado wanatembea na fulana. Namba 3, vilima vya upepo, ni mbaya zaidi: joto lake ni 0.2, theluji inaanza Y 120. Msitu wa kawaida una 0.7 na tambarare 0.8, hizo hazifikii theluji hata kwenye paa la dunia ya Minecraft. Kila unapochagua biomu ya mahali pa juu, piga hesabu hiyo kwanza.

Badlands kwa jangwa la mlimani ni uamuzi wa makusudi. Haina mvua wala theluji, nyasi zake ni kahawia iliyofifia, na tofauti na biomu ya jangwa haizalishi wale mazombi wa jangwani. Ni biomu inayokaribia zaidi ule uwanda mtupu kati ya Kibo na Mawenzi.

Namba 12 ya kileleni ina kasoro moja: huzaa dubu weupe. Asiyetaka dubu kwenye Kibo atumie Frozen Peaks. Namba yake utaiona chini ya dirisha la WorldPainter ukiipaka mahali kidogo kisha ukaweka kishale juu yake.

Rangi zenyewe ni hiari yako, ila ziwe mbalimbali kiasi kwamba ukiitazama picha unajua kanda bila kubahatisha. Kijani tano zinazofanana ni njia ya kujitafutia balaa.

Hatua ya 4: Zalisha kanda kutoka kwenye kimo

Usichore kila kitu kwa mkono. Andika faili ya maandishi iitwayo rangi.txt:

```
0 200 180 60
1099 200 180 60
1101 90 200 60
1799 90 200 60
1801 0 90 30
2799 0 90 30
2801 150 120 170
3999 150 120 170
4001 140 90 50
4999 140 90 50
5001 255 255 255
5900 255 255 255
```

Kisha:

```
gdaldem color-relief kata.tif rangi.txt biomu.png -of PNG -nearest_color_entry
```

Neno la mwisho kwenye amri ndilo lenye uzito. Bila hilo, gdaldem inachanganya rangi kati ya mstari na mstari, na kila mpaka wa kanda unapata uzi wa rangi za katikati zisizokuwa na maana yoyote. Ukiliweka, kila pikseli inachukua rangi ya mstari ulio karibu nayo, nzima nzima. Ndiyo sababu tumeandika 1099 na 1101 badala ya 1100: katikati yake ndipo mpaka ulipo.

Hatua ya 5: Sahihisha kwa mkono kwenye GIMP

Sasa una mlima uliovaa pete kama kitunguu. Kazi ya mkono ni kuuvunja ulinganifu huo.

Fungua biomu.png. GIMP ikiuliza kuhusu wasifu wa rangi, iache ilivyo, usibadilishe. Halafu fanya haya:

Kaskazini, geuza kijani cha msitu kuwa rangi ya msitu mkavu na punguza upana wake kutoka chini. Ondoa pia sehemu kubwa ya vihamba upande huo na kuirudisha savana. Kusini na mashariki, kutoka Machame kupita Marangu hadi Rombo, viache vihamba vitambae.

Kileleni, kanuni ya mita 5,000 imepaka weupe hata ncha ya Mawenzi, yenye mita 5,149. Mawenzi haina barafu ya kudumu. Irudishe kahawia. Na Kibo chenyewe kisibaki cheupe chote: barafu iliyobaki ni vipande, upande wa kaskazini na kwenye miteremko ya kusini, na sehemu kubwa ya iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha yeyuka. Ramani inayoonyesha kofia nyeupe kamili ni ramani ya karne iliyopita. Kama ndiyo unayoitaka, sawa, lakini ichague ukijua.

Ziwa Chala lichore upande wa mashariki, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya.

Sasa zana. Tumia penseli, si brashi. Brashi hulainisha kingo zake, hata ile inayoonekana ngumu, na kila mpigo unaacha pikseli za rangi mchanganyiko pembeni. Ukichagua eneo kwa zana yoyote ya uteuzi, zima ulainishaji wa kingo na uzime ufifishaji. Ukijaza kwa ndoo, zima ulainishaji hukohuko. Ukibadilisha ukubwa wa picha, usawazishaji (Interpolation) uwe None. Mipaka itaonekana ina meno kama msumeno, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpaka ulionyooka sana unachosha macho ukiwa ndani ya mchezo. Pitisha penseli ya pikseli 10 hadi 20 ukingoni kwa kuzigzaga, ingiza vidole vya msitu kwenye makorongo na vidole vya nyasi kwenye matuta. Lakini usitumie muda wako kwenye mambo madogo kuliko pikseli 4: tangu toleo la 1.15 mchezo huhifadhi biomu kwa vipande vya bloki 4 kwa 4 kwa 4. Mto wa pikseli 2 utapotea au utakatikakatika. Uchore kwa pikseli 8 au zaidi, hata kama maji yenyewe yatakuwa na upana wa bloki 3.

Ukimaliza, ondoa uwazi wa picha kwenye menyu ya Layer, Transparency, Remove Alpha Channel. Toa kama PNG katika hali ya RGB. JPEG ni marufuku hapa: mbano wake hubadilisha rangi hata katikati ya eneo lenye rangi moja.

Hatua ya 6: Hesabu rangi

Hatua hii inachukua sekunde kumi na ndiyo inayookoa jioni nzima:

```
magick identify -format %k biomu.png
```

Jibu liwe 8. Ukipata 8, endelea. Ukipata 9 au 10, pengine umekosea namba moja mahali fulani. Ukipata 300, umetumia brashi. Kuziona zote:

```
magick biomu.png -format %c histogram:info:
```

Orodha inakuonyesha kila rangi na idadi ya pikseli zake. Rangi zako nane zitakuwa na maelfu, na wavamizi watakuwa na mbili, tano, kumi na tisa. Wachache unaweza kuwasaka kwenye GIMP kwa zana ya kuteua kwa rangi, kizingiti kikiwa 0, na kuwajaza rangi sahihi. Wakiwa mamia, tengeneza kibao cha rangi zako nane, geuza picha kuwa Indexed kwa kibao hicho, uchanganyaji wa vitone ukiwa umezimwa, kisha irudishe RGB. Kila mvamizi ataangukia kwenye rangi iliyo karibu naye. Jihadhari tu: pikseli iliyo kati ya nyeupe na kahawia inaweza kuangukia kwenye zambarau ya vichaka, na ukapata uzi wa tambarare kuzunguka barafu. Pitia kingo kwa macho baada ya hapo.

Hatua ya 7: Skripti

Funga kili.world kama iko wazi, fanya nakala yake, kisha andika biomu.js:

```
var dunia = wp.getWorld().fromFile('C:/ramani/kili.world').go();
var picha = wp.getHeightMap().fromFile('C:/ramani/biomu.png').go();
var biomu = wp.getLayer().withName('Biomes').go();
var theluji = wp.getLayer().withName('Frost').go();

wp.applyHeightMap(picha)
  .toWorld(dunia)
  .applyToLayer(biomu)
  .fromColour(200, 180, 60).toLevel(35)
  .fromColour(90, 200, 60).toLevel(23)
  .fromColour(0, 90, 30).toLevel(29)
  .fromColour(60, 110, 100).toLevel(4)
  .fromColour(150, 120, 170).toLevel(1)
  .fromColour(140, 90, 50).toLevel(37)
  .fromColour(255, 255, 255).toLevel(12)
  .fromColour(40, 90, 220).toLevel(7)
  .go();

wp.applyHeightMap(picha)
  .toWorld(dunia)
  .applyToLayer(theluji)
  .fromColour(255, 255, 255).toLevel(1)
  .go();

wp.saveWorld(dunia).toFile('C:/ramani/kili-biomu.world').go();
```

Endesha kutoka kwenye folda ya WorldPainter:

```
wpscript C:/ramani/biomu.js
```

Usishangae kuona getHeightMap ikitumika kwa picha ya rangi. Kwenye skripti za WorldPainter kila picha huingia kwa mlango huohuo. Makosa ya kawaida hapa ni matatu. Kwanza, njia ya faili imeandikwa kwa mikwaju ya kinyume (\) ya Windows, ambayo JavaScript huisoma kama alama maalumu. Tumia mikwaju ya kawaida kama hapo juu. Pili, mtu ameandika fromColor kwa tahajia ya Kimarekani. WorldPainter inajua fromColour tu. Tatu, jina la tabaka: Biomes, yenye B kubwa na s mwishoni, hata kama kompyuta yako iko kwa Kiswahili.

Kama picha ya kimo uliisogeza wakati wa kuingiza, ongeza `.shift(x, y)` yenye namba zilezile baada ya toWorld. Kama hukuisogeza, kona ya kaskazini-magharibi ya picha zote mbili iko kwenye 0, 0, na zinakaa pamoja.

Ile sehemu ya pili, ya tabaka la Frost, ina sababu yake. Biomu ya theluji inaleta theluji hali ya hewa inapokuwa ya mvua tu. Ukiingia kwenye ramani siku ya jua utakuta Kibo kina biomu ya theluji na hakina hata chembe ya theluji. Frost ndiyo inayoiweka chini tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Ardhi na miti

Fungua kili-biomu.world. Biomu zimeingia, lakini ukiutazama uso wa ardhi hakuna kilichobadilika. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani skripti imeshindwa. Biomu ni lebo iliyobandikwa juu ya ardhi: haimwagi mchanga, haichimbi ziwa, haipandi mti hata mmoja. Vitu hivyo ni tabaka zingine.

Habari njema ni kwamba sasa unaweza kuzitumia biomu kama kichujio. Fungua Global Operations, kwa vitufe vya Ctrl na G. Chagua ujazo wa ardhi, kisha kwenye kichujio weka kwamba ifanyike pale penye biomu fulani tu. Kwa badlands, jaza mawe na changarawe. Kwa msitu mweusi, jaza nyasi, halafu rudia ukichagua tabaka la miti ya majani mapana. Vihamba vipewe tabaka la Jungle kwa nguvu ndogo. Vichaka vya juu viache bila miti kabisa. Mito na Ziwa Chala zichimbe kwa mkono na kuzijaza maji, kwa kufuata rangi ya biomu inayoonekana kwenye ramani.

Mahali ambapo picha haikugusa, au palipobaki na rangi isiyotajwa kwenye skripti, WorldPainter hujichagulia biomu yenyewe kwa kuangalia ardhi na tabaka zilizopo. Ndiyo maana pikseli chafu huonekana kama vitone vya nyasi za rangi tofauti kwenye mipaka. Ukiona vitone, rudi hatua ya 6.

Hatua ya 9: Toa ramani na uikague

Toa ramani kama dunia mpya ya Minecraft, kwenye folda ya saves ndani ya .minecraft. Ingia kwa hali ya Creative, bonyeza F3, utafute mstari wa Biome. Anzia Moshi, ruka moja kwa moja kwenda kaskazini hadi Kibo, ukiusoma mstari huo njiani: savanna, sparse_jungle, dark_forest, plains, badlands, snowy_plains. Ukifika Y 192 utakuwa sawa na mawingu ya mchezo, ambayo kwa vipimo vyetu ni takriban mita 3,500. Yanapita juu ya vichaka huku kilele kikiwa wazi, kama asubuhi nyingi za mlima wenyewe.

Usikague kwa amri ya `/locate biome`. Amri hiyo haisomi kilichohifadhiwa kwenye ramani. Inauliza kanuni ya uzalishaji wa dunia, kwa hiyo itakupeleka mahali ambapo mchezo ungeweka biomu hiyo kama usingekuwa na picha.

Ukiona kila kitu kimesogea bloki zilezile upande mmoja, tatizo ni shift. Ukiona biomu ziko sahihi lakini nyasi zinabadilika rangi polepole mpakani, hakuna tatizo: ni mipangilio ya Biome Blend kwenye sehemu ya picha za mchezo. Ukivuka ukingo wa ramani na kukuta ukuta wa dunia nyingine, hiyo ni Minecraft ikiendelea kuzalisha yake. Weka mpaka wa dunia, au chagua uzalishaji mtupu nje ya ramani kabla ya kuitoa.

Anayecheza kwenye simu au toleo la Bedrock atahitaji kuigeuza ramani kwanza. Chunker ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo. Baada ya kugeuza, kagua tena kwenye mipaka ya biomu.

Kosa dogo lililobaki halihitaji kurudia safari yote. Tangu toleo la 1.19.3 unaweza kubandika biomu ukiwa ndani ya mchezo:

```
/fillbiome ~-12 ~-20 ~-12 ~12 ~20 ~12 minecraft:savanna
```

Kikomo cha kawaida ni bloki 32,768 kwa amri moja. Hapo juu ni 25 kwa 41 kwa 25, yaani 25,625, na mchezo hukirekebisha kipande hicho kifuate vipimo vya bloki 4. Ukishahariri hivyo, usitoe tena ramani kutoka WorldPainter juu ya dunia hiyohiyo, maana marekebisho yako yatafutika. Yaingize kwenye biomu.png pia.